Sahani ya Ndagala Mbele ya Mama Mkwe

Waulize wanawake wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ni nani aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba Générose haoni tena siku zake, watakujibu wote kwa pamoja: Mama Godelive. Na alijuaje? Kwa vitambaa, basi. Kila mwanzo wa mwezi kamati ya wanawake iligawa sabuni na vitambaa vya kutumia mwezini, na Mama Godelive, fundi cherehani kutoka Bukavu, ndiye aliyevikata na kuvikunja pindo. Jicho lake halikuwa la mchezo. Alimwona Générose akipokea fungu lake, akamwona akilipitisha moja kwa moja mkononi mwa Lucie, binti wa Mama Rosette, mama yake mdogo aliyemweka nyumbani kwake. Mwezi wa kwanza Mama Godelive alinyamaza. Mwezi wa pili akakohoa. Ilipotimia miezi minne, akamvaa mwanawe, aliyekuwa akimchumbia binti huyo.

"Balagizi, umemupa ule binti mimba?"

"Mama! Mi siyamugusa ata kidole!"

Wakangoja tumbo. Tumbo halikuja. Générose alizidi kukonda tu, na kila alfajiri akawa anapita mbele ya nyumba zao akikimbia na kaptura yake ya bluu, mabega nje, kana kwamba hana habari na mtu. Ndipo Mama Godelive akatoa hukumu. Tumbo la yule binti limefungwa na mchawi.

Lakini usiharakishe kumchukia mama wa watu. Alitoka nyumbani na watoto wanne vita ilipoanza upya, akafika Malawi na mmoja. Mmoja huyo ndiye Balagizi. Mjukuu kwake halikuwa jambo la kujidai kanisani, lilikuwa ndilo jambo pekee alilobakiza la kumwomba Mungu. Akaja na masharti mawili. La kwanza, Générose afunge siku kumi na mbili, kikombe kimoja cha uji jua likizama, kikundi cha sala kikimwombea. La pili, aache kukimbia kama mwanaume. Jumamosi ya siku ya kumi na mbili familia ya Balagizi ingekuja kwa ajili ya présentation, ijulishwe rasmi kwa familia ya msichana, na mfungo ungefunguliwa kwa sala.

Sharti la kwanza Générose alilikubali kwa sababu alimpenda Balagizi kupita kiasi. Alimpenda tangu siku ile kwenye zahanati ya kambi, Balagizi akiwa mkalimani, alipomtafsiria maumivu ya tumbo kwa upole hata maumivu yenyewe yakapungua. Alimpenda kwa saa yake mbovu aliyoitumia kumpimia mbio, iliyosimama kila baada ya dakika kumi, na yeye akaapa kwamba Générose amekimbia upesi kuliko jana.

Sharti la pili alilikataa. Miguu hiyo ndiyo iliyomtoa Fizi, kule Kongo, ikamfikisha hapa. Kocha mmoja wa Area 23, kule Lilongwe, alikuwa amemwona akikimbia, akamwandikisha kwenye mbio za kilomita ishirini na moja, akamwambia apunguze kilo mbili zaidi awe mwepesi. Zilibaki wiki tatu. Basi Générose akafunga, akakimbia, na uji wake mwenyewe nusu akawapa watoto wa Mama Rosette. Ukaidi wa binti huyu, jamani, ungeweza kusagia mahindi.

Siku ya tisa mguu ukagoma.

Alikuwa anarudi kutoka barabara kubwa. Hakujikwaa, hakuanguka. Kitu kilichoma tu ndani ya muundi wa kulia, akakaa chini kwenye vumbi. Balagizi, aliyekuwa akimfuata na baiskeli ya kuazima, aliitupa baiskeli na kupiga magoti.

"Onesha. Ni hapa?"

"Ayi! Usiguse!"

"Tangu lini?"

Générose aliangalia pembeni.

"Tangu lini, we Générose?"

"Wiki tano. Lakini ilikuwa inauma kidogo tu."

Balagizi aliiinua baiskeli. Alimbeba, akamkalisha nyuma ya baiskeli, akaisukuma mpaka kambini. Alishtuka jinsi alivyokuwa mwepesi, na Générose alihisi mikono yake ikishtuka. Keshoye, Alhamisi, wakiwa na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, wakaenda hospitali Lilongwe.

Daktari alikuwa mama wa Kimalawi mwenye miwani na sauti ya taratibu. Aliuliza kwa Kichewa, Balagizi akatafsiri. Maswali ya mguu yalipita vizuri. Kisha daktari akauliza swali moja, na Balagizi akaanza kuangalia dari.

"Anauliza nini?" Générose akasema.

"Anauliza… mara ya mwisho uliona siku zako lini."

Hebu fikiria! Mwanaume unayetaka akuoe, mwanaume ambaye hamjawahi hata kushikana mikono mbele za watu, ndiye anayekuuliza hilo, na ndiye atakayelisema jibu kwa sauti. Uso wa Générose uliwaka. Lakini alikuwa amechoka kusemwa na wengine.

"Mwambie miezi nane."

Balagizi alisema. Daktari akaandika, akauliza tena.

"Anauliza kama inaweza kuwa mimba."

"Na hiyo we mwenyewe hujui jibu yake?"

Daktari hakuhitaji tafsiri. Aliwatazama nyuso, akacheka, akasema atapima hata hivyo. Hapakuwa na mimba.

"Unakula nini kwa siku?"

"Sasa, uji. Mbele ya mfungo, bugali kidogo. Posho ikipungua nawaachia batoto."

"Na unakimbia kilomita ngapi?"

"Kumi na tano. Siku zingine makumi mbili."

Daktari aliiinua picha ya mfupa kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya muundi palikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Akaanza kueleza, na Balagizi akawa anafuata polepole, akitafuta maneno, macho yake hayamwachi Générose.

"Anasema mwili yako iko na akili. Ukiupa kazi mingi na chakula kidogo, unachagua. Moyo lazima upige, basi unaulisha moyo. Mambo ya kuzaa unayaweka pembeni kwanza, mupaka chakula kirudie. Njo maana siku zimekatika."

"Na mufupa?"

"Siku zikikatika vile, kuna kitu ndani ya damu ya mwanamuke chenye kinalinda mifupa. Nacho kinapungua. Mufupa unabakia zaifu, na we unaupiga chini kila asubui. Umepasuka bila kuanguka."

Générose aliitazama picha ya mfupa. Alipouliza swali lililobaki, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Muulize kama mi ni tasa."

Balagizi alimgeukia daktari. Aliuliza. Jibu lilikuwa refu, na Générose alilitafuta kwenye uso wake kabla halijafika.

"Anasema hawezi kuapa. Kwa kukutazama kwa macho tu hawezi kujua. Lakini ameona mabinti wengi ba mbio wako vile. Bakikula vizuri, bakipumuzika, siku zinarudia. Inaweza kukamata miezi. Bugali, maharage, karanga, maziwa ukipata. Na samaki wadogo wenye banakuliwa na mifupa yao."

"Ndagala."

"Njo hizo. Na usikimbie wiki munane."

Wiki nane. Mbio zilikuwa baada ya tatu. Générose alishika ukingo wa kiti kwa nguvu, hakulia. Balagizi alipomweleza daktari habari ya mfungo, yule mama alivua miwani na kusema maneno mengi kwa haraka.

"Amesema nini?"

"Amesema uvunje leo."

"Amesema bintu mingi kuliko hiyo."

"Hivyo vingine ni vya Mama yangu," alisema Balagizi, na kwa mara ya kwanza siku ile wote wawili wakacheka.

Kicheko hicho hakikufika mbali. Kiliishia Lumbadzi, walikoshuka kungoja gari la kuelekea Dowa, upande wa kambi. Balagizi alinunua maandazi manne na maziwa, akamwekea mapajani, akageuka kutazama waendesha kabaza, zile teksi za baiskeli, waliokuwa wanavutana juu ya abiria mmoja. Kisha akasema, bila kumtazama:

"Nimewaza. Jumamosi usiseme kitu."

"Kitu gani?"

"Juu ya mfungo. Kula, lakini ule ndani, mulango umefungwa. Mama aone siku kumi na mbili zimetimia, tufanye présentation, tufunge ndoa. Siku zako zikirudia atasema Mungu amejibu. Kila muntu na furaha yake."

Andazi lilisimama njiani, kati ya mapaja na mdomo.

"Kwa hiyo nile kama mwizi."

"Sikusema vile."

"Umesema vile vile. Na zisiporudia upesi? Mama yako anifungishe tena? Na mi nijifiche tena na sahani nyuma ya mulango mupaka nizae?"

"Générose, njo mi tu nilibakia kwake. Unajua."

"Najua. Na mi sikubakiza ata mama wa kuniambia nile." Alilirudisha andazi mapajani. "Pale kwa docteur ulisema siri zangu zote, mbele yangu, bila kukosea ata neno moja. Nikakupenda zaidi pale, unasikia? Nikasema huyu njo bwana wangu. Sasa mbele ya mama yako ile sauti inaenda wapi?"

Balagizi aligeukia tena barabara.

"Huu mufupa ni wangu," alisema Générose. "Sitaudanganyia muntu."

Akala maandazi yote manne pale pale kando ya barabara, watu wakimwona, akanywa na maziwa mpaka tone la mwisho. Gari lilipokuja alikataa mkono wa Balagizi, akapanda kwa kuruka na mguu mmoja. Mpaka kambini hawakusemezana. Ijumaa nzima Balagizi hakuonekana, na Générose, ambaye aliapa kwamba hamngoji, alichungulia mlangoni mara thelathini. Moyo ulimuuma kuliko mguu, na huo ndio ukweli.

Jumamosi saa nane mchana nyumba ya Mama Rosette ilikuwa imefagiwa mpaka kwenye njia. Viti viliazimwa kanisani. Upande wa mlango walikaa Mama Godelive na kitenge chake cha sherehe, kaka yake Papa Faustin ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia, na Balagizi, shati jeupe, macho chini. Upande wa ndani Mama Rosette, na chini kwenye mkeka, kama inavyotakiwa, bibi harusi mtarajiwa na mguu wake uliofungwa bandeji, fimbo kando yake. Katikati, mezani, chakula cha wageni: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na bakuli kubwa la ndagala zilizopikwa na mawese.

Chakula hicho kilikuwa cha wageni tu. Kwa desturi yao msichana hali mbele ya mama mkwe. Hatafuni, hanywi, hata mate anameza kwa adabu, mpaka aolewe na siku moja mama mkwe mwenyewe amkaribishe kwa zawadi. Kuna walioolewa mwaka mzima bila kuonwa wakila. Na mwanaume hali sahani moja na msichana mbele ya wazazi ila awe amekwisha kumfanya mke wake. Hayo Générose aliyajua tangu utoto.

Papa Faustin alisalimia vizuri, akasifu nyumba, akakohoa kuelekea bakuli la ndagala. Kabla hajafika kwenye maneno yenyewe, Mama Godelive aliinua mkono.

"Mbele ya sala, binti atuambie mwenyewe. Générose, mwanangu, umetimiza siku zako kumi na mbili?"

Kila mtu alimtazama. Balagizi naye aliinua macho, na ndani yake Générose aliona ombi lile lile la Lumbadzi. Neno moja tu. Ndiyo. Angesema ndiyo, wangepiga vigelegele.

"Hapana, Mama. Nilivunja siku ya kumi."

"Yesu wangu!" Mama Rosette akajifunika uso na kitenge.

"Ulivunja?" Mama Godelive alisogea mbele ya kiti. "Bamama bamekesha juu yako, we ulivunja? Juu ya nini?"

"Juu ya njaa, Mama. Tumbo yangu haikufungwa na mchawi. Imefungwa na njaa na mbio pamoja, na mufupa umepasuka juu ya hiyo hiyo. Kunifungisha tena ni kunivunja mara ya pili. Docteur ameona."

"Docteur iko Mungu?"

"Hapana, Mama. Lakini mufupa wangu ameuona."

"Basi acha mbio! Kama mbio njo zimeleta haya, acha, tumalize!"

"Njaa nitaiacha. Mbio nitapumuzika wiki munane, mufupa ushikane, kisha nitarudilia. Nikiwa nimekula."

"Na mutoto asipokuya?" Sauti ya Mama Godelive ilipasuka hapo, na chumba kizima kikaona kwamba mwanamke huyu hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. "Unajua nilizika bangapi njiani? Na mutoto asipokuya, Générose?"

Générose alimhurumia, kusema kweli. Alitamani kumshika mikono. Lakini hakuwa tayari kulipa huruma hiyo kwa mifupa yake.

"Asipokuya, Mama, mi njo nitalia wa kwanza. Lakini sitalia na njaa."

Akaegemea fimbo, akasimama. Akachukua sahani, akapakua bugali, akapakua ndagala nyingi, mawese yakatiririka kwenye vidole. Akavuta kiti, siyo mkeka, akakaa mbele ya Mama Godelive, magoti yao karibu yagusane. Akanawa. Akamega tonge, akachovya, akala.

 Ndagala zilisikika zikivunjika menoni, vichwa na mifupa yake. Papa Faustin aligeukia ukuta na kuanza kuusoma, ingawa haukuwa na maandishi. Générose alitafuna akiangalia mbele. Mdomo haukusimama.

Ndipo Balagizi akainuka. Kiti chake kilikwaruza sakafu. Alipita kati ya viti bila kumtazama mtu, akatoka nje.

Basi, Générose alijiambia. Imekwisha. Tonge likakataa kushuka. Aliona miaka yake yote ijayo bila ile saa mbovu, bila mtu wa kumdanganya kwamba amekimbia upesi kuliko jana. Akalimeza tonge kwa nguvu. Akamega jingine. Hata kama ameondoka, mwili huu alibaki nao yeye.

Nje yalisikika maji yakimwagika kwenye beseni.

Balagizi alirudi, mikono imelowa, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Hakwenda kwenye kiti chake. Alikaa kwenye mkeka, miguuni pa Générose.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa ile ya hospitali, polepole, haikosei neno. "Mi njo nilitafsiri maneno ya docteur. Yote yenye Générose amesema ni kweli. Kisha mi nilimuambia akudanganye. Akakataa. Makosa ni yangu, siyo yake."

Akanyoosha mkono, akamega bugali kwenye sahani ya Générose, akachukua ndagala mbili, akatia mdomoni.

"Balagizi!" Mama Godelive alikuwa amesimama, mkoba kifuani. "Unajua maana ya kile unafanya?"

"Najua, Mama. Njo maana nimenawa."

Mama Godelive alifika mpaka mlangoni. Alisimama pale, mgongo umewageukia, mkono kwenye kizingiti, akingoja mwanawe amfuate kama alivyomfuata njia yote kutoka Bukavu. Balagizi hakuinuka. Alitafuna, macho yamelowa, bega lake likiuegemea mguu wa Générose ulio mzima.

Na Générose, ambaye hakulia kwa daktari, hakulia Lumbadzi, akaanza kulia sasa, machozi yanadondoka moja kwa moja kwenye bugali. Hakuyafuta. Alichagua ndagala iliyo nene kuliko zote, akaikata vipande viwili, kimoja akamwekea Balagizi upande wake wa sahani, na kingine, akilia vile vile, akala.